Maji ya Mzee Chilumba

Kama umekuja kunisikiliza ili ucheke, cheka tu, mimi nimeshazoea. Wajukuu zangu wananicheka, mke wangu ananicheka, hata imamu wa mtaa huu alinicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na bila tone la pombe ya mabibo tumboni. Ushahidi upo. Baiskeli ile pale imeegemea ukuta, na kengele yake nitakuonyesha tukimaliza. Usiiguse kwanza.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, na picha ya Malkia ilikuwa imetundikwa bomani. Mimi nilikuwa kijana, fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Masasi, ingawa kwetu hasa ni Chiwata. Nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mkono wa kushona suruali, na mdomo. Hasa mdomo. Sisi Wamakua na Wamakonde ni watani, na mtani wako unaweza kumtukana, kumvua kofia kichwani, kumlia chakula chake huku anakutazama, naye hana ruhusa ya kukasirika. Anangoja zamu yake tu. Basi kwa utani sikuwa na mpinzani. Wamakonde waliokuja Masasi na korosho zao, wakiniona tu kwenye ile baraza, walikuwa wanashika kofia zao kwa mikono miwili.

Mwaka ule tukaanzisha chama cha baiskeli, watu watano. Kiongozi alikuwa Mwalimu Ambrosi, mtu wa kanuni, mwenye filimbi shingoni hata akienda kuoga. Alipanga safari ndefu: siku ya kwanza Masasi mpaka Newala, siku ya pili Tandahimba, halafu tushuke hadi Mtwara tukaione bahari. Wenzangu wote walikuwa wanaenda kuona bahari. Mimi na bahari tulikuwa hatudaiani kitu. Mimi nilikuwa naenda Newala kuonwa.

Kuonwa na nani? Ngoja nikueleze. Kulikuwa na binti anaitwa Somoe, alikuja Masasi kumtembelea shangazi yake, akaniletea kitambaa nimshonee gauni. Nililikosea gauni lile mara tatu, makusudi, ili arudi. Mara ya nne akaniambia, "Fundi, kama una neno sema, maana kitambaa kinakwisha." Nikasema. Akakubali. Lakini babu yake mzaa mama, Mzee Chilumba wa Newala, akatuma salamu kwamba hapokei posa ya mtu yeyote kabla hajamwona huyo kijana kwa macho yake mwenyewe. Ndiyo maana nikajiunga na safari.

Upande wangu nako kulikuwa na mjomba. Kwetu, kijana asiyesemewa na mjomba hana posa, ana porojo. Mjomba wangu, Baba Zuhura, ndiye aliyeniazima baiskeli, maana mimi sikuwa nayo. Nyeusi, ya Kiingereza, ina kengele kubwa inayolia mpaka mbwa wanakaa kando. Alinishika sikio, mtu mzima mimi, akasema, "Ikirudi imepungua hata nati moja, posa utajipelekea mwenyewe." Na mjomba hakuwa mtu wa masihara.

Tuliondoka alfajiri. Nilivaa suruali nyeupe niliyoishona mwenyewe, na tai. Ndiyo, tai, kwenye baiskeli, mwezi wa kumi! Mwalimu Ambrosi alitupa sheria: filimbi moja pandeni, mbili shukeni, tatu hatari. Kabla ya saa tatu alikuwa amemaliza pumzi kwa sababu ya rafiki yangu Saidi, mtu mnene, ambaye kila akiona mti wa kivuli alikuwa anaanguka kwa hiari. Hivyo hivyo tukasogea, maili kwa maili, mpaka tukafika chini ya mlima wa kupandia Newala. Hapo gurudumu langu la nyuma likapata pancha.

Unadhani walinisubiri? Mwalimu alisema msafara haungoji pancha, akapuliza moja, wakaniacha. Nikaziba mwenyewe, nimepiga magoti kwenye lile vumbi jekundu. Nilipoinuka, suruali nyeupe haikuwapo tena duniani. Baiskeli ya mjomba ilikuwa kama imefukuliwa. Maji yangu nilishayamaliza njiani. Nikaanza kuisukuma kupanda mlima huku roho inaniuma, nasema peke yangu, leo nitasimama mbele ya Mzee Chilumba katika hali hii? Babu wa watu ataniona mchimba kaburi.

Nikakata kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu nikamkuta mzee mmoja anapanda mbele yangu, polepole, amebeba begani kibuyu kikubwa cha maji kilichozibwa na majani. Kavaa koti zito la kijeshi, katika jua lile! Nilimtazama shingoni, hana hata jasho. Usoni ana chale za Kimakonde, kamili.

Sasa nyinyi mlizaliwa bomba lipo, hamwezi kujua. Huku juu Newala hakuna mto, hakuna kisima. Maji yalikuwa bondeni, na wanawake walikuwa wanaondoka jogoo la kwanza, wanarudi na mitungi kichwani jua limeshawaka. Bomba lilikuwa maneno ya mikutano ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, tu. Na kuchota maji ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume akionekana na kibuyu cha maji begani, ujue kuna jambo. Mtu mwenye akili angejiuliza ni jambo gani. Mimi nikaona utani umejileta wenyewe.

Sikumpa hata shikamoo. Nikamwambia, "We mzee wa Kimakonde, wake zako wamekukimbia wote mpaka unachota maji mwenyewe?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kama mbuzi anayekohoa. Akasema, "Nimewangoja tangu alfajiri, mtani. Nikaona wananichelewesha, nikaenda mwenyewe."

"Basi umechota ya kwangu," nikasema, nikamtoa kibuyu begani.

Niamini, sijawahi kunywa maji ya baridi kama yale. Yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Nilikunywa nikashiba. Nikanawa uso. Nikajimwagia kichwani. Halafu, Mungu anisamehe, nikachukua kitambaa nikaanza kuiosha baiskeli. Ndiyo! Huku juu, ambako mama wa watu anapima maji ya uji kwa kikombe, mimi nilisugua rimu, nikasugua spoki moja moja, nikasugua mpaka pedeli. Yule mzee alikaa kwenye jiwe ananitazama. Unajua aliniambia nini? "Na huku nyuma bado pana tope, mtani."

Nikamaliza kibuyu chote. Yeye akanisimamisha, akanizungusha kama anayenunua mbuzi. Akaniuliza mjomba wangu nani, kazi yangu nini. Nikajibu kwa majivuno yote. Akauliza, "Na kuchota maji unajua?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi ni mwanamume."

Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema sasa ni zamu yake. Akaweka vidole kwenye kengele ya mjomba, na kwa vidole vitupu, bila spana, akaifungua kama mtu anayechuma pera, akaitia mfukoni mwa lile koti. Moyo ulinipasuka. Kengele ya mjomba! Lakini ningesema nini? Nimemnywea maji yake, nimeoshea baiskeli maji yake, naye kachukua chake. Sheria ndiyo sheria. Nikamuuliza nitaipata wapi. Akasema, "Utaikuta nyumbani."

Nikainama kuokota tai iliyodondoka. Nilipoinuka, barabara ilikuwa tupu, mbele na nyuma. Nikadhani ameingia porini kujisaidia. Heshima ya mtu, nikaendelea na safari.

Newala niliuliza nyumba ya Mzee Chilumba, nikaelekezwa mara moja. Lakini nilipokaribia nikaona wanaume wamejaa uani kwenye mikeka, kimya. Wenzangu wanne walikuwa pembeni, na Saidi ana uso wa mtu aliyenyimwa chakula. Nikamnong'oneza kuna nini. Akasema, "Pole, ndugu yangu. Mzee amefariki alfajiri."

Naomba nikwambie ukweli, sikumlilia marehemu, nilijililia mimi. Mzee amekufa hajaniona, na amesema bila kuniona hakuna posa. Sasa nitaonwa na nani? Somoe alikuwa mlangoni, macho mekundu. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akaingia ndani.

Nikauliza mazishi ni saa ngapi. Saidi akasema kaburi lilishachimbwa tangu saa nne, sanda ipo, imamu yupo, kinachongojewa ni maji ya kumwoshea. Mwanamke mmoja alianguka mlimani na mtungi ukavunjika. Waliomfuata wamekuta foleni kisimani, na kisima chenyewe kinatoa kijiko kwa kijiko. Majirani wamekomba mitungi yao, haikujaa hata sufuria. Kisha Saidi akanitazama kichwani.

Akasema, kwa sauti ya Saidi, ambayo ni ya kuitia ng'ombe, "Mbona wewe umelowa?"

Uani mzima uligeuka. Ndugu yangu, nilikuwa nimeendesha juani karibu saa nzima. Maji ya kawaida yangeshakauka. Lakini nywele zangu zilikuwa zinadondosha maji, tai inadondosha, na baiskeli ya mjomba ilikuwa inameta kama siku iliyotoka dukani, tone moja moja linaanguka kutoka kwenye pedeli. Watu walikuwa wanayafuata yale matone kwa macho.

Baba Rashidi, mjomba wake Somoe, mwanamume mrefu asiye na haraka, akaniuliza maji nimeyatoa wapi. Nikasema nimepewa na mzee njiani. Mzee gani? Nikamweleza: chale, kibuyu kilichozibwa na majani, koti la kijeshi, kicheko cha mbuzi mwenye kikohozi. Nilipofika kwenye kicheko, mtu mmoja alisema "Lahaula" akasogea nyuma na mkeka wake.

Baba Rashidi aliingia ndani, akatoka na koti. Walikuwa wamelitundika nyuma ya mlango wa chumba cha marehemu, ambaye hakuwa ameinuka kitandani mwezi mzima. Pindo lote lilikuwa limelowa na limeshika tope jeusi la bondeni. Akalitikisa kidogo. Mfukoni kikalia kitu: kring!

Ilikuwa kengele ya mjomba wangu.

Kisha ikasikika sauti ya mjane, bibi yake Somoe, kutoka ndani. "Tangu juzi alikuwa anasema wanawake wa nyumba hii wazito, siku yake ya kufa atangojeshwa maji mpaka aharibike. Akasema akichoka atakwenda kuyachota mwenyewe." Kisha akauliza, "Kijana, maji ya mume wangu umeyafanya nini?"

Nikasema, "Nilikunywa kidogo, bibi."

"Na mengine?"

Watu wote wakaitazama baiskeli. Kijana mmoja akasimama anakunja mikono ya shati, na sikumlaumu. Nami nikajiona Masasi inanifukuza, mjomba ananifukuza, Somoe ameolewa na mtu mkavu. Mara bibi akauliza kutoka mlemle ndani, "Kabila gani?" Wakamwambia Mmakua. Wallahi, yule mama, mumewe amelala mbele yake, aliangua kicheko. "Mtani! Na mume wangu akamwacha aoshe baiskeli! Basi kazi ni ya mtani."

Na kweli, msibani kazi nzito ni za watani. Baba Rashidi akaniletea madebe mawili. Akasema, "Jua likizama hatujamzika, posa yako nitaisikia siku nimeshazikwa mimi." Mwalimu Ambrosi akanivalisha filimbi yake shingoni, akaninong'oneza, "Tatu ni hatari." Hakuna hata mmoja wa chama aliyejitolea kunisindikiza. Saidi alisema goti linamuuma.

Nikashuka bondeni. Kisimani wanawake waliponiona mimi, na tai yangu, na madebe, walicheka mpaka wakanipisha foleni. Nikajaza kijiko kwa kijiko, nikafunga debe moja huku na moja huku, nikaanza kupanda. Umeshawahi kusukuma baiskeli yenye madebe mawili ya maji mlima ule? Usijaribu. Kwenye kona ya tatu, ileile, miguu ikagoma. Baiskeli ikaanza kunirudisha nyuma, maji yanayumba, nusu kikombe ikamwagika. Jua lilikuwa limeshakuwa jekundu. Nilikuwa nampoteza Somoe kwenye kona ile, nalijua hilo kabisa.

Mara baiskeli ikawa nyepesi.

Nyepesi kama haina kitu. Ilikuwa inapanda yenyewe, mimi naishikilia tu usukani. Na nyuma yangu, karibu kabisa, nikasikia mbuzi anakohoa.

Sikugeuka. Nani angegeuka? Nilitia filimbi mdomoni nikapuliza tatu, yakatoka mate tu. Basi nikafanya nilichopaswa kufanya mchana. Nikasema, bila kugeuza shingo, "Shikamoo, babu."

"Marahaba," ikasema sauti. "Usimwage."

Sikumwaga tone. Nilipoingia uani madebe yalikuwa yamejaa mpaka mdomoni, hata ile nusu kikombe ilikuwa imerudi. Wakamwosha, wakamsalia, wakamzika, na udongo wa mwisho nilitupa mimi jua likiwa linagusa miti. Waliomwosha waliniambia jambo moja. Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa na mafuta meusi, ya baiskeli.

Asubuhi Mwalimu Ambrosi alipuliza moja, wenzangu wakaenda kuona bahari. Mimi ni mtani, nilibaki kwenye matanga nikichota maji siku tatu. Bahari sijaiona mpaka leo. Kengele sikuthubutu kuiomba, maana alichochukua mtani hakidaiwi.

Nikarudi kwa mjomba na baiskeli isiyo na kengele. Nilimweleza yote kama nilivyokueleza wewe. Akasema nimeiuza, na sasa nawasingizia maiti wa watu. Akaapa hanisemei posa hata ya kuku. Kesho yake akapanda baiskeli yake, maili arobaini na kitu, yeye na hasira zake, akadai kengele yake Newala. Walimpokea vizuri mno, wakamtandikia mkeka, wakampa kuku. Halafu bibi akamwambia, "Kengele yako hii. Marehemu alisema lazima amwone kijana, naye kamwona, akaweka alama. Umekuja kuchukua kengele tu, au una neno lingine?"

Sasa mjomba alikuwa amekula kuku wa watu, na maili zote zile zinamngoja kurudi. Akasema neno lingine lipo. Ndivyo nilivyooa.

Aliifunga kengele mahali pake, akashuka mlima. Aliniambia baadaye, sauti imemkauka, kwamba ililia yenyewe kuanzia kona ya tatu mpaka chini. Siku ya harusi alinipa baiskeli yote. Alisema ni zawadi. Zawadi gani, mtu anatupa kitu huku anakimbia?

Nikahamia huku kwa mke wangu, kama desturi yetu ilivyo. Na tangu hapo, mtungi wa nyumba hii ukikaribia kukauka, ile kengele inalia. Kring! Alfajiri, hakuna aliyeigusa. Nami naamka nashuka bondeni. Kwa miaka mingi nilikuwa mwanamume pekee Newala anayemchotea mkewe maji, na wanaume walinitungia nyimbo. Wake zao hawakucheka. Bomba lilipokuja nilidhani nimepona, lakini bomba la huku nalo linakauka linavyotaka, na kengele haijastaafu. Mara moja nilitoka haraka nikamkuta Somoe amesimama karibu na baiskeli. Alisema anafuta vumbi. Nimeamua kumwamini, kwa sababu mbuzi aliyekohoa nyuma ya nyumba asubuhi ile hakuwa yeye, na sisi hatufugi mbuzi.

Basi ukipanda mlima wetu na baiskeli zenu hizi za gia, ukamkuta mzee wa koti na kibuyu begani, shuka. Toa shikamoo. Mpokee mzigo. Na hata kama kiu imekukausha ulimi, usiguse maji yake kabla hujamuuliza kwa adabu kama ameshaoshwa.